Kandanda na Kikapu katika Vyuo Vidogo: Historia Fupi Kutoka Guangzhou



Imekuwa desturi yetu, kila inapozungumzwa michezo ya vyuo, mtu mmoja kuuliza swali lilelile: chuo hicho kimetoa wachezaji wangapi wa kulipwa? Tukishindwa kutaja hata mmoja, mjadala unafungwa, na chuo kinahesabiwa kuwa kilipoteza muda wa vijana wa watu. Mimi nilicheza beki ya kulia katika chuo cha ualimu chenye wanafunzi wasiozidi mia nne, na kwenye kikapu nilikuwa mchezaji wa saba au wa nane, yaani yule anayeitwa wenzake wakishapata faulo nne. Baadaye nikaja kusoma huku Guangzhou na nikaendelea kucheza mpaka magoti yalipogoma. Kwa kipimo cha swali hilo, mimi na wenzangu wote ni hasara tupu. Basi naandika kulipinga swali lenyewe, na ushahidi wangu mwingi nitautoa katika mji huu ninaoishi na mkoa wake wa Guangdong.

Tuanze na kikapu, maana asili yake inajulikana hadi mwezi. Desemba 1891, James Naismith, mwalimu katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, alikabidhiwa darasa la vijana 18 waliokuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13, akawagawa tisa kwa tisa. Chuo kile kilikuwa kidogo, na kazi yake ilikuwa kuandaa makatibu na walimu wa michezo wa YMCA. Hapo ndipo ilipo siri ya kuenea kwa mchezo wenyewe. Vijana wale walikuwa walimu wa kesho, na kila aliyehitimu aliondoka na mchezo mkobani. Kufika 1895 ulikuwa umeshatua Tianjin, kaskazini mwa China, kwa njia ya YMCA hiyohiyo. Ligi ambayo leo tunaiita NBA ilianza 1946. Kwa hiyo Wachina walikuwa wanacheza kikapu miaka 50 kabla ya hiyo ligi ambayo vijana wetu wanadhani ndiyo chimbuko la kila kitu.

Kandanda nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo ya shule. Katika mkoa huu wa Guangdong kuna wilaya ya Wuhua, upande wa milimani wanakoishi Wahakka. Watu wa huko wanajivunia kwamba kandanda ya kisasa ya China bara ilianza kwao, katika shule ya wamisionari wa Basel, mwaka 1873. Wengine watabishana kuhusu nani alikuwa wa kwanza, na wabishane tu. Lakini ukoo wa Lee Wai Tong, mchezaji mashuhuri kuliko wote wa China ya zamani na nahodha wa timu yao kwenye Olimpiki ya Berlin 1936, asili yake ni wilaya hiyo. Klabu yake ya South China ya Hong Kong ina mizizi katika timu ya wanafunzi wa Kichina waliokuwa wakipiga mpira mwanzoni mwa karne ya 20. Na wachezaji wa aina hiyo ndio walioipatia China ubingwa wa kandanda mara tisa katika Mashindano ya Mashariki ya Mbali kati ya 1915 na 1934, mara moja wakigawana na Japani. Hebu linganisheni na leo, ambapo timu ya taifa ya wanaume ya China imefika Kombe la Dunia mara moja tu, mwaka 2002, ikaondoka bila kufunga goli hata moja.

Hapa mjini penyewe kilikuwepo Chuo Kikuu cha Lingnan, kilichoanzishwa na Wamarekani mwaka 1888, kikahamia Macau kwa muda, kisha mwaka 1904 kikajenga makao yake Kangle, kusini mwa Mto wa Lulu. Kama vyuo vingi vya Kikristo vya China ya wakati ule, idadi ya wanafunzi ilikuwa ndogo na michezo ilikuwa sehemu ya malezi. Mashindano ya kwanza ya taifa zima, yaliyofanyika Nanjing mwaka 1910, yaliandaliwa na YMCA, na waliokimbia na kucheza huko walikuwa wengi wao wanafunzi. Lingnan ilivunjwa mwaka 1952. Majengo yake ya matofali mekundu yakachukuliwa na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, na mtu akipita pale leo atayaona chini ya miti mikubwa.

Msomaji wa kwetu ataona mara moja kwamba hadithi hii anaifahamu. Wamisionari wa UMCA walikuwa na chuo chao Kiungani, Unguja, kilichoanza kwa kulea watoto waliokombolewa utumwani, na mpira ulichezwa pale tangu karne ya 19, kabla Simba na Yanga hazijaota hata kwenye ndoto ya mtu. Kule Kenya, Carey Francis alifundisha hesabu na kandanda Maseno kuanzia 1928, halafu Alliance kuanzia 1940, na waliopita mikononi mwake walikuja kuwa mawaziri, walimu na mahakimu. Uganda ina Budo yake, iliyofunguliwa 1906. Kombe la Gossage, ambalo Kenya na Uganda zililigombea kuanzia 1926 na baadaye Tanganyika na Zanzibar zikajiunga, lilikuta tayari kuna watu wanaojua mpira, na wengi waliujulia shuleni. Walimu walipopelekwa vijijini wakaupeleka na mpira. Mwalimu aliyecheza namba tano chuoni ndiye aliyechora chokaa kwenye kiwanja cha shule ya msingi. Hakuna daftari linalohesabu magoli ya namna hiyo.

Sasa turudi China tuone kilichotokea njia hiyo ilipokatwa. Baada ya 1949 serikali mpya ilifuata mfano wa Kisovieti. Mtoto mwenye kipaji alitolewa mapema katika shule ya kawaida akapelekwa shule maalumu ya michezo, na kutoka huko kwenye timu ya mkoa. Medali zilipatikana, tena nyingi. Lakini nchi ikagawanyika watu aina mbili: wanamichezo waliosoma kidogo, na wanafunzi waliocheza kidogo. Mwanamichezo aliyeumia goti akiwa na miaka 22 alijikuta hana cheti cha maana, na mwanafunzi wa uhandisi hakuwa na timu ya kumpokea. Mwaka 1998 ilianzishwa ligi ya kikapu ya vyuo vikuu, ambayo wengi wanaijua kwa herufi za CUBA, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuunganisha tena pande hizo mbili. Yaani iliwachukua karibu nusu karne kurudi pale ambapo Lingnan ilikuwa imeshafika.

Jambo la pili la Guangzhou ninalotaka mlikumbuke ni la Novemba 1991. Uwanja wa Tianhe, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Taifa ya 1987, ulikuwa mwenyeji wa fainali ya Kombe la Dunia la kwanza la wanawake. Timu zilikuwa 12, Afrika ikiwakilishwa na Nigeria peke yake, na mechi zilichezwa dakika 80, kana kwamba wakubwa wa FIFA waliogopa kina dada watazimia zikifika 90. Tarehe 30 Novemba, mbele ya watazamaji wapatao 63,000, Marekani iliifunga Norway 2–1, magoli yote mawili ya Marekani yakifungwa na Michelle Akers.

Timu ile ya Marekani ilitoka wapi? Nchi yao haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake wakati huo, ilikuja kupata mwaka 2001. Walikuwa wanafunzi na wahitimu wa vyuo, na kocha wao, Anson Dorrance, alikuwa kocha wa chuo kikuu cha North Carolina. Mia Hamm alikuwa mwanafunzi wa miaka 19. Nakubali kwamba North Carolina si chuo kidogo. Lakini timu yake ya wanawake ilianza mwaka 1979 tu, na iliwezekana kwa sababu ya sheria ya 1972 iliyovikataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa jinsia yake. Kabla ya sheria hiyo hakuna aliyekuwa anauliza wasichana wale watalipwa na nani. Na baada ya sheria hiyo nako hakuna aliyeuliza. Walipewa kiwanja na kocha, wakacheza, na miaka 19 baadaye walibeba kombe la dunia hapa Guangzhou.

Jambo la tatu ni kinyume chake. Mwaka 2010 kampuni ya nyumba ya Evergrande iliinunua klabu ya Guangzhou, iliyokuwa imeshushwa daraja kwa kashfa ya kupanga matokeo. Fedha ilimwagwa kama maji. Akaletwa Marcello Lippi, aliyeipa Italia Kombe la Dunia 2006, wakaletwa Wabrazili, na matokeo yakaja: ubingwa wa China mara nane, ubingwa wa Asia 2013 na 2015. Watu wa mji huu walifurahi, na mimi nilikuwamo. Aprili 2020 wakaanza kujenga uwanja wa watu 100,000 wenye umbo la ua la yungiyungi. Kampuni ikazama kwenye madeni, ule mradi wa uwanja ukawatoka mikononi, klabu ikashuka daraja, na Januari 2025 ikanyimwa leseni kwa sababu ya madeni na kuvunjwa. Miaka 15 tangu kununuliwa, imekwisha, na mashabiki wamebaki na skafu.

Nikiyaweka haya matatu pamoja naona jambo moja. Mchezo unaoletwa na fedha huondoka na fedha, na mchezo unaoletwa na walimu hubaki hata walimu wakiondoka. Lingnan imekufa mwaka 1952, lakini ukienda Kangle saa mbili usiku, joto likishapungua, utakuta viwanja vya kikapu vya saruji vimejaa, goli moja linagombewa na timu tatu, aliyefungwa anatoka. Hakuna refa wala jezi.

Sasa niseme maoni yangu kama mchezaji, maana historia peke yake haitoshi. Kandanda na kikapu havifanani hata kidogo mtu anapokuwa katika chuo kidogo. Watu huvichanganya.

Kandanda huficha udhaifu. Chuo chenye wanafunzi 400 kinaweza kukaa nyuma watu tisa, kikavumilia dakika 88, kikapata kona moja na kumfunga mkubwa. Tulifanya hivyo, na waliofungwa waliona ni uchawi. Magoli ni machache, kwa hiyo bahati ina nafasi kubwa. Ndiyo maana mashindano ya kandanda yawe wazi kwa vyuo vyote, mkubwa na mdogo wakutane, na aibu ya mkubwa ni burudani ya taifa. Tatizo la kandanda ni gharama ya ardhi: kiwanja kamili ni takribani mita 105 kwa 68, na hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mkuu wa chuo hukitamani anapotafuta mahali pa kujenga bweni.

Kikapu hakifichi kitu. Katika dakika 40 kila timu hushambulia mara nyingi mno, na kila shambulio ni mtihani mpya. Bahati inachujwa, na mwisho wake mwenye warefu watatu na benchi la watu kumi atamshinda mwenye mrefu mmoja, tena kwa vikapu 40. Kukiweka chuo kidogo kila mwaka kwenye kundi la wakubwa ni kukifundisha kuchukia mchezo. Hapa ngazi zinahitajika. Wamarekani walilitambua hilo. Mwaka 1973 waliunda daraja la tatu la NCAA ambalo vyuo vyake havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Wachina nao wametenganisha mashindano ya vyuo kwa ngazi, ili mwanafunzi wa kawaida asipambanishwe na aliyesajiliwa kwa ajili ya mpira. Kwa upande mwingine kikapu ni rahisi: watu watano, kiwanja kimoja cha saruji, taa mbili. Chuo kisicho na ardhi hakina kisingizio cha kukosa kikapu.

Kuna mahali hapa Guangzhou ambapo mawazo haya yanaonekana kwa macho. Ni kisiwa cha Xiaoguwei, upande wa Panyu, ambako mwaka 2004 ulifunguliwa mji wa vyuo kumi. Wapo wakubwa kama Sun Yat-sen na chuo kikuu cha teknolojia cha kusini mwa China, lakini wapo pia chuo cha sanaa na chuo cha muziki cha Xinghai. Baadhi ya viwanja vya kisiwa kile vilitumika katika Michezo ya Asia ya 2010, kisha vikarudi kuwa vya wanafunzi. Mpiga fidla na mhandisi wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu, na kila mmoja ana mahali pa kutokwa jasho. Mwanafunzi wa muziki hatauzwa Ulaya kwa sababu ya mguu wake wa kushoto, na hakuna anayeona hilo ni tatizo.

Na sisi wageni je? Mwaka 2018 China ilikuwa na wanafunzi 81,562 kutoka Afrika, wengi wakiwa wamekuja baada ya mkutano wa China na Afrika wa mwaka 2000 kufungua milango ya ufadhili. Katika vyuo vingi Mwafrika hudhaniwa kuwa mwanamichezo hata kabla hajafungua begi. Nimeona mtoto wa famasia kutoka Kigoma, ambaye hajawahi kugusa mpira wa kikapu, akivutwa uwanjani kwa sababu tu ni mrefu na mweusi. Halafu inakuja kejeli ya pili: timu inapoandikishwa kwenda mashindano, mgeni anaambiwa kanuni hazimruhusu. Chuo kimoja nilichokifahamu kilitutumia mazoezini miezi mitatu kuwanoa wachezaji wao, kisha kikatuacha getini basi lilipoondoka. Hili si la China peke yake. Timu ya Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington, ilitwaa ubingwa wa kandanda wa vyuo vya Marekani mwaka 1971 ikiwa na vijana wengi wa Karibi na Afrika. NCAA ikalipokonya kombe kwa kusema baadhi yao hawakustahili kucheza. Mwaka 1974 Howard ikarudi, ikashinda mechi zote 19, ikalichukua tena. Kocha alikuwa Lincoln Phillips wa Trinidad. Naipenda hadithi hiyo kwa sababu jibu lao lilitolewa uwanjani.

Sasa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kule Tanzania, michezo ya UMISETA na UMITASHUMTA ilisimamishwa kwa muda, hoja ikiwa kwamba inawapotezea watoto masomo. Ilirudishwa baadaye, lakini kizazi kizima kilipita bila mashindano ya shule. Wale ndio leo wana miaka thelathini na kitu, ndio walimu wetu sasa. Mwalimu ambaye hakucheza atafundisha nini saa kumi jioni? Zipo ishara njema: UDSM Outsiders bado wanacheza kikapu Dar es Salaam, Uganda ina ligi ya kandanda ya vyuo vikuu tangu 2012, na Nairobi timu za vyuo zinawapa taabu timu za majeshi na mashirika. Ila vyuo vidogo, vile vya ualimu, uuguzi, kilimo, ufundi, hivyo ndivyo vinavyonyamaza.

Wakati huohuo tunajenga viwanja vikubwa. Wachina wametusaidia hapo kwa muda mrefu: Amaan ya Zanzibar 1970, Kasarani 1987, Namboole 1997, Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam 2007. Kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kwa pamoja, kampuni za China zilipewa kazi ya kujenga Talanta ya Nairobi na uwanja mpya wa Arusha. Sina ugomvi na viwanja hivyo, nami nitakata tiketi. Lakini nimeishi katika mji uliokuwa na mabingwa wa Asia na ndoto ya uwanja wa watu 100,000, nikaona vyote viwili vikiyeyuka. Uwanja wa kutazamia mpira hauwezi kuchukua nafasi ya uwanja wa kuchezea.

Mtanitajia Hasheem Thabeet, kwamba bila kwenda Marekani asingechaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009. Ni kweli, na alituheshimisha. Lakini alianza kucheza kikapu hapohapo Dar es Salaam, akiwa ameshakuwa kijana mkubwa. Mtu aliyempa mpira wa kwanza hakuwa wakala. Wakala huja baadaye, na katika kila mmoja anayempeleka mahali pa maana, wapo wanaowatelekeza vijana kwenye vyumba vya miji ya ugenini, huku Guangzhou ikiwemo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, chuo chochote kisisajiliwe bila kuonyesha kiwanja, hata kama ni kimoja cha kikapu cha saruji, na kiwanja hicho kisijengwe bweni juu yake. Pili, kandanda ya vyuo iwe wazi kwa wote na kikapu kiwe na ngazi, kwa sababu nilizozieleza. Tatu, tuache kupima timu ya chuo kwa idadi ya waliouzwa. Tuipime kwa idadi ya waliocheza, wanawake kwa wanaume, na kwa idadi ya waliorudi mitaani kwao wakaanzisha timu nyingine. Kwa hesabu hiyo, kile chuo changu cha watu mia nne, ambacho hakijawahi kutoa mchezaji hata mmoja wa kulipwa, kimetoa walimu wenye filimbi shingoni katika wilaya nyingi kuliko ninazoweza kuzihesabu.

Naomba kutoa hoja.